Siku ya Makabidhiano Unalipa Kiasi Gani Hasa?

Mikataba ya kununua kampuni ninayoletewa kuikagua hapa Dar es Salaam mara nyingi ina kifungu hiki: "Mnunuzi atalipa shilingi milioni 600 siku ya makabidhiano." Basi. Kifungu hicho hunitia hofu kuliko kurasa zingine zote, kwa sababu bei hupatanwa Machi na makabidhiano hufanyika Juni. Katikati hapo mzigo umeuzwa, riba ya benki imepanda, na huenda makato ya NSSF ya wafanyakazi hayajapelekwa.

Ushauri wangu ni kutenganisha bei ya ununuzi na malipo ya siku ya makabidhiano. Ya kwanza ni namba mliyopatana. Ya pili iandikwe kama hesabu itakayofanywa siku ile.

Tuseme ni kampuni ya pembejeo. Bei milioni 600, ongeza fedha taslimu zilizoko benki, milioni 40. Toa mkopo wa benki milioni 130, kodi na michango iliyolimbikizwa milioni 15, na milioni 60 zinazobaki kwa wakili kama dhamana ya madai yatakayojitokeza baadaye. Toa tena milioni 15 kwa kuwa mtaji wa uendeshaji (mzigo ghalani na fedha wanazodaiwa wateja, ukitoa madeni ya wasambazaji) umepungua chini ya kiwango mlichokubaliana. Muuzaji anapokea milioni 420. Hesabu kama hii, yenye namba za mfano, iambatishwe kwenye mkataba ili kila upande uione kabla ya kusaini.

Mtaji wa uendeshaji ndio unaozaa ugomvi, kwa hiyo usiupitie haraka. Muuzaji akiacha kuagiza mbolea, akawahimiza wateja walipe mapema kwa punguzo na kuwachelewesha wasambazaji wake, akaunti ya benki inanona na ghala linabaki tupu. Bila kiwango kilichoandikwa, unamlipa muuzaji thamani ya fedha hizo kisha unajaza ghala kwa fedha zako mwenyewe. Wengi huchukua wastani wa miezi 12. Kwa biashara ya pembejeo mimi sikubali, maana ghala la kabla ya mvua si ghala la baada ya mavuno. Nataka kiwango cha mwezi uleule wa makabidhiano, kwa kuangalia miaka iliyopita.

Kwa kuwa vitabu vya siku ile havijafungwa, malipo hayo ni makadirio. Andikeni kwamba hesabu kamili itafanywa ndani ya siku 60 au 90, tofauti italipwa na nani, na mhasibu gani wa nje ataamua mkibishana.

Mkopo wa benki usimwachie muuzaji aende kuulipa. Pata barua ya benki inayotaja deni lote hadi siku hiyo, ulipe moja kwa moja, na benki iahidi kuachia mali za kampuni zilizowekwa dhamana ya mkopo huo.

Kwa mauziano ya hisa Tanzania kuna jambo jingine: BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inahitaji uthibitisho wa TRA kwamba kodi ya uhamisho imeshughulikiwa. Taja nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya kuuza hisa) na nani ushuru wa stempu, na fedha zikae kwa wakili hadi uthibitisho utoke. Taja pia lini malipo yanahesabika yamefanyika. Mimi huandika: fedha zitakapoingia kwenye akaunti ya mpokeaji kupitia TISS, mfumo wa malipo kati ya benki. Nakala ya fomu iliyogongwa muhuri wa benki haitoshi.