Hela za utafiti, mbona masharti hayafanani?

SWALI: Habari mhariri, mi ni mwanafunzi wa afya, nataka kuomba hela za utafiti ila kila tangazo lina jina lake, mara ruzuku, mara mkataba, mara feloshipu. Si zote ni pesa tu?

JIBU: Pesa ni pesa ndugu yangu, shughuli iko kwenye masharti. Ruzuku, we ndo unakuja na swali lako na mtoaji anakuachia nafasi ya kulitafuta jibu, kwa mfano ile ruzuku inayoitwa R01 ya NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, huwa inaenda miaka 3 mpaka 5. Mkataba ni kinyume, mwenye hela anajua anachotaka na wewe unampelekea kazi kwa tarehe mliyokubaliana. Feloshipu inamfuata mtu kuliko mradi, kwa mwanafunzi naona ndo pa kuanzia.

Halafu kuna mifuko ya hisani kama Wellcome ya Uingereza, ilianza 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome aliyekuwa na kampuni ya dawa, na kuna kampuni za dawa zenyewe. Hizi za mwisho soma mkataba mpaka herufi ndogo, hasa nani anamiliki data na kama unaruhusiwa kuchapisha matokeo hata dawa ikigoma kufanya kazi, maana hapo wengi wanasaini haraka haraka wakishaona tarakimu (nawaelewa kabisa). Na uliza pia kama bajeti inabeba gharama za uendeshaji za chuo, mifuko mingine hailipi kabisa.