Mito kumi na mmoja, mimi nalala ukingoni

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi mtu wa Malindi, nimeoa Lamu, mtaa wa Langoni, na huu ni mwezi wa nne. Mke wangu sina lawama naye ila kwa jambo moja. Kitandani kwetu kuna mito kumi na mmoja, nimeihesabu. Nikiitupa sakafuni usiku, ananuna. Nikiiacha, nalala ukingoni kama nanga iliyoning'inia ubavuni mwa dau. Nikimuuliza ya nini yote hii, hunijibu, "Ndivyo nyumba inavyokuwa." Hebu nieleze, watu wanapendea nini mito mingi?
— Mlala Ukingoni

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimecheka kwanza, unisamehe. Kisiwa chetu hiki hakina mto hata mmoja wa maji, tunakunywa ya visima vya machanga ya kijiji cha Shela. Labda ndiyo sababu mito yetu tumeijaza vitandani.

Swali lako la "ya nini" mkeo hawezi kulijibu. Muulize ya nani. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mkomani, kila mto ulikuwa na mwenyewe. Wa baba ulikuwa mgumu kama gunia la chumvi. Wa bibi ulikuwa mwembamba, ukinuka asumini hata siku ambazo hakuvaa kikuba, kile kishada cha maua. Ule mrefu ulikuwa wa mtoto mdogo, azuiliwe asianguke. Na ilikuwako minne yenye foronya za kudarizi ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuigusa: ya wageni. Maulidi yakifika, watu wanakuja msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima, na kwetu wanalala msana mzima, yaani ukumbi wetu mrefu, jamvi kwa jamvi. Jamvi mgeni atalivumilia. Kumlaza bila mto ni aibu ya mwenye nyumba, na habari hiyo hurudi nayo kwao.

Sasa wageni wakishaondoka, mito iende wapi? Kasha limejaa nguo, zidaka za ukutani zimejaa vyombo. Inarudi kitandani. Kitanda ndiyo stoo, mwanangu! Unachokiona wewe kila usiku ni nafasi za watu ambao hawajafika.

Na haikununuliwa siku moja. Mama alikuwa akiletewa sufi kutoka shamba la bara, maganda yamepasuka yenyewe kwa jua. Tunafunga madirisha upepo usiingie, tunajifunga leso puani, tunachambua kokwa moja moja mpaka jioni, nywele zetu zote nyeupe kama vikongwe. Mto mmoja unameza sufi usiyoiamini. Kwa hiyo mama anapompa bintiye mito ya harusi, ampa na siku zake kadhaa za kupiga chafya. Mimi niliwahi kufanya uvivu, nikanunua miwili ya sponji dukani. Ramadhani moja tu ikawa bapa kama chapati. Nilipoifungua, ndani mlikuwa na vipande vya magodoro makuukuu.

Raha nayo ipo, nisikufiche. Mto mmoja wa kichwa, mmoja wa kukumbatia, mmoja wa kuegemea ukinywa kahawa. Na Mungu akijaalia mkeo akachukua mimba, mmoja ataulaza katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, hapo utajiona wewe ndiye uliyekuwa huna hesabu.

Lakini haki yako pia ipo. Mtu mzima halali ukingoni mwa kitanda chake. Kaeni mkubaliane: usiku mnabaki na mitatu au minne, iliyobaki inapangwa juu ya kasha, na uipange wewe kwa mkono wako. Sakafuni usiitupe tena. Hicho ndicho kinachomnunisha, si kuiteremsha. Bibi yangu alikuwa akitwambia, "Mto wa kitwa haukaliwi." Sasa seuze kukanyagwa! Takia la sebuleni likalie upendavyo, la kichwa liheshimu.

Jingine, kwa afya yenu. Nyumba zetu za mawe zina unyevu, na mto uliokaa mwezi bila jua hufuga vumbi na vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Wenye pumu huteseka. Sufi usiifue, itashikana madonge. Fua foronya, mto wenyewe upandishe darini jua kali, uupigepige, uugeuze, ushuke kabla ya umande. Jioni ufukize udi kidogo, lakini chetezo kikae mbali, sufi hushika moto upesi mno. Kazi hiyo ya kupanda ngazi na mito kumi na mmoja ichukue wewe, kila Ijumaa ukitoka msikitini.

Huko juu ya dari ndiko pa kumuuliza, mmoja mmoja, huu wa nani, huu wa nani. Ukifika kwenye ule anaokataa kukupa uubebe, niandikie tena.