Kinyozi hajinyoi: mchungaji naye atafutiwe wa kumsikiliza

Makanisa mengi hapa Nairobi siku hizi yanazungumzia afya ya akili. Kuna semina za vijana, za wanandoa, za akina baba. Ni jambo jema. Lakini katika kuhudumu kwangu kama mzee wa kanisa huku Eastlands, nimeona kwamba huduma hii haisimami ikiwa anayeibeba ameshalemewa. Kwa hiyo anzeni na mchungaji.

Tazama Jumapili yake. Ibada ya pili ikiisha, watu wamejipanga kwenye benchi nje ya ofisi. Wa kwanza amefungiwa nyumba kwa ajili ya kodi. Wa pili, mtoto wake ameanza kusikia sauti. Halafu mama ambaye mumewe hajaonekana tangu Alhamisi. Anawasikiliza wote, anaomba nao, mwingine anampa nauli kutoka mfukoni mwake, na jioni ndipo anakumbuka hajala. Usiku simu inalia: msiba. Jumatatu, siku yake ya kupumzika, yuko kwenye kikao cha mazishi. Yote hayo amwambie nani? Wazee ndio wanaojadili mshahara wake. Mkewe anakaa benchi moja na watu hao hao.

Kwetu tulikubaliana mchungaji awe na mshauri nasaha wake nje ya kanisa, ikiwezekana nje ya dhehebu. Kanisa linalipa, na mshauri hatuletei ripoti yoyote. Hapo kwenye ripoti ndipo wazee wengi hukwama, ila bila sharti hilo msijisumbue, kwa maana mchungaji ataenda kuzungumzia mvua na foleni za magari. Washauri wenyewe wana wasimamizi wanaowaendea kutua mizigo ya kazi, na hakuna anayewaona dhaifu. Simu za Jumatatu nazo hupokewa na mzee wa zamu. Yethro alipomkuta Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumwambia ajitahidi zaidi. Alimwambia atafute watu wa kumsaidia.

Kwa washirika, jambo la kwanza ni siri, na hapa ndipo tunapoumiza watu sana. Dada amemfungulia kiongozi moyo Jumanne, Jumatano kwenye grupu ya WhatsApp kunasomeka: "Tumkumbuke dada yetu mmoja katika maombi, anapitia dipresheni." Nia yaweza kuwa njema kabisa. Lakini dada huyo hatarudi, na wote waliousoma ujumbe ule wamejifunza kunyamaza. Ombi la mtu lisitolewe bila ruhusa yake, hata jina likifichwa, kwa sababu katika ushirika mdogo wa nyumbani kila mtu anajua ni nani.

Siri huvunjwa uhai ukiwa hatarini tu. Mtu akianza kugawa vitu vyake, kuaga aga, au kusema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Wengi hupata nafuu kwamba kuna aliyethubutu kuuliza. Usimwache peke yake, msindikize hospitalini. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, iko pale Thika Road, na Hospitali ya Kenyatta pia ina huduma hiyo. Familia nyingi zilikuwa zikificha mambo haya kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Litangazwe kanisani, wazazi walisikie.

Na tafadhali, asiwepo wa kumwambia mgonjwa atupe dawa kwa kuwa ameshaombewa. Nimeketi na mama ambaye mwanawe alikuwa ametulia, anauza mitumba Gikomba na kulipa kodi yake. Aliacha dawa baada ya mkutano mmoja wa maombi. Haukupita muda akawa halali, anazunguka mtaani usiku akizungumza peke yake, na mama nyuma yake na leso mabegani. Tumwombee, naye aendelee kumeza dawa mpaka daktari wake aseme vingine.

Mnapotafuta mshauri, muulizeni amesomea wapi na anasimamiwa na nani. Tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, na anayeifanya kazi hii sawasawa hatachukia kuulizwa. Bei ikiwa kikwazo, ulizieni kwenye vituo vinavyofunza washauri. Baadhi hutoza kidogo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, ya ushauri nasaha kwa simu, hupigwa bila malipo. Msiiweke kwenye ubao wa matangazo pekee, mbele ya macho ya watu. Ibandikeni ndani ya milango ya vyoo, wanaume na wanawake, mtu aweze kuinakili bila kuonekana.