Maswali na Majibu: Faili Gani la Sauti Linafaa Kupimwa?

Narekodi milio ya komba msitu wa Rondo. Simu inatoa m4a. Inafaa kupima masafa ya sauti (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi)? (Lindi)

Kuhesabu milio, sawa. Kupima nguvu ya masafa, hapana. M4a na MP3 hubana faili kwa kutupa kile ambacho sikio la binadamu halitambui kuwa hakipo: MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatwa karibu na hezi 16,000, na mlio hafifu ulio jirani na mlio mkubwa huweza kufutwa. Halafu MP3 huongeza ukimya mwanzoni, mara nyingi milisekunde 25 hivi. Kama unatafuta komba yuko wapi kwa rekoda mbili, moja ya MP3 na nyingine ya WAV (faili la sauti lisilobanwa), kosa hilo ni mita 8 na nusu za mwendo wa sauti. Huo ni mti mwingine kabisa.

Tumia WAV, biti 16, sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Kilele kiishie desibeli -6. Kikigota sifuri, yaani kikomo cha rekoda, hukatika, na spektra (mchoro wa nguvu ya kila masafa) hujaa masafa ambayo komba hakuyatoa.

Nikigeuza m4a za zamani kuwa WAV je? (Lindi)

Faili litanenepa tu. Kilichotupwa hakirudi.

WAV ya usiku kucha hukoma baada ya saa sita. (Masasi)

Ukubwa wa faili huandikwa mwanzoni kwa biti 32, hivyo hauvuki baiti bilioni 4.29. Stereo ya biti 16 kwa sampuli 48,000 hula baiti 192,000 kila sekunde: saa 6 na dakika 12, basi. Mono itakupa muda mara mbili, lakini bora rekoda ianze faili jipya kila saa. Betri ikizima, hupotezi usiku mzima. Kwa kuhifadhi, FLAC hubana bila kupoteza sampuli hata moja.

Feni ya ghala la korosho huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Mbona Audacity, programu ya kuchambua sauti, haionyeshi mstari wake? (Mtwara)

Mzunguko huo ni hezi 24.2. Ukichagua sampuli 1,024 kwenye dirisha la spektra, kila hatua ni hezi 47, kwa hiyo mstari wako umemezwa. Chagua 65,536, hatua ishuke hadi hezi 0.73, na urekodi angalau sekunde 30. Maikrofoni nyingi za simu ni dhaifu kwenye sauti nzito hivyo. Rekoda ni afadhali. Mstari wa hezi 50 au 100 huenda ni mvumo wa umeme: zima feni, rekodi tena, linganisha. Ukimtumia fundi faili kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, usicheze na kitufe cha sauti.