Alamu ya mashine ya kupumulia safarini hufuata modi

Katika miaka niliyosindikiza wagonjwa mahututi kwa ambulensi nikiwa muuguzi, safari iliyonifunza zaidi ni ya kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa na mama mwenye nimonia, na mashine yetu ndogo ya kupumulia ilikuwa bado na mipangilio ya mgonjwa aliyetangulia. Nilihakikisha kwamba alamu ya shinikizo la juu iko kwenye sentimita 35 za maji (kipimo cha shinikizo la hewa), nikaridhika. Tulipokaribia Chalinze kifua chake kilikuwa kinainuka kidogo mno, oksijeni ya damu imeshuka hadi asilimia 84, na mashine iko kimya.

Kosa lilikuwa langu. Modi ni namna mashine inavyosukuma hewa. Katika modi ya ujazo, mashine husukuma kiasi kilekile cha hewa, kwa hiyo makohozi yakianza kuziba mpira wa kooni shinikizo hupanda na alamu hulia. Sisi tulikuwa katika modi ya shinikizo, ambamo shinikizo hubaki palepale na kinachopungua ni hewa inayomfikia mgonjwa. Mlinzi wake hapo ni alamu ya ujazo mdogo kwa dakika, inayolia jumla ya hewa ya dakika moja ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, na yetu ilikuwa imeachwa kwenye lita 2. Tulimtoa kwenye mashine, tukampumulia kwa mfuko wa Ambu, unaominywa kwa mkono, na kumfyonza makohozi, naye akarejea.

Tangu hapo napiga hesabu kabla gari halijaondoka. Mwanamke wa sentimita 160 hukadiriwa uzito wa kilo 52 kwa urefu wake. Kwa mililita 6 hadi 8 za hewa kwa kilo katika kila pumzi, nikimpa mililita 400 mara 16 kwa dakika napata lita 6.4, na alamu ya chini naiweka karibu na lita 4.5. Kikomo cha shinikizo nakiweka takriban sentimita 10 za maji juu ya kile anachofikia akiwa ametulia, wala sikibani zaidi, kwa kuwa mashine nyingi hukatisha pumzi kikomo kinapofikiwa, na mgonjwa anayekohoa hukosa hewa.

Modi zinazosubiri mgonjwa aanze pumzi mwenyewe zinahitaji tahadhari nyingine: kisikizi, yaani sehemu inayohisi mgonjwa akianza kuvuta pumzi, kikiwa chepesi mno, mtikisiko wa barabara mbovu huhesabiwa kuwa pumzi.

Mwisho nachomoa bomba kwenye pafu la majaribio (kifuko kinachowekwa badala ya mgonjwa) na kuhesabu sekunde hadi alamu ilie. Hata hivyo king'ora cha gari huimeza sauti yake, ndiyo maana hukaa pale ninapoona kioo cha mashine na kifua cha mgonjwa kwa pamoja.