Re: Niendelee na The Quintessential Quintuplets au niache?

Mkuu, umeuliza kama uendelee maana michoro ya msimu wa kwanza wa anime hii (katuni ya Kijapani) inazidi kuharibika. Macho yako hayajakudanganya. Msimu ule wa 2019 ni kazi ya Tezuka Productions, na kadiri unavyosogea mwisho nyuso zinapinda, mtu akisimama mbali kidogo anabaki hana sura. Kwa hadithi ya dada watano wanaofanana hilo ni balaa: Miku utamjua kwa hedifoni za shingoni, Yotsuba kwa ule utepe wa kijani, basi!

Vumilia tu. Msimu wa pili, 2021, ulihamia Bibury Animation Studios na michoro ikanyooka, ila kurasa za manga (vitabu vya michoro ilikotoka hadithi) wanazikimbiza mno. Filamu ya 2022 ndiyo inamaliza kisa cha harusi ya mmoja wa hao dada. Usimuulize mtu bibi harusi ni nani.