Jibu: Wifi kanipa kanga, ananikanya?

Dada yangu, umeuliza kama ile doti ya kanga aliyokupa wifi yako Sikukuu, yenye jina, yaani maandishi yake, "Usisafirie nyota ya mwenzio", ni zawadi au ni karipio. Kabla hujaumia, jua kuna watu wakifika sokoni Darajani huchagua rangi tu, jina hawalisomi. Wachache, lakini wapo.

Kama alikupa kwa bashasha mbele ya mama mkwe, iwache ipite. Lakini kama na yeye anayo, na kila ukipita barazani kwake ameivaa na pindo la maandishi kalielekeza kwako, hapo unakanywa. Na utamu wa kanga ndio huo: ukimuuliza atasema kavaa nguo yake tu.

Usimjibu kwa kanga nyengine, mtaa mzima utakaa kusoma. Yeye mkubwa kwako, mfuate baada ya alasiri, mko wawili tu, umwamkie, umwambie: "Wifi, kama nimekukosea niambie, mie mdogo wako." Akikataa katakata, mtume somo yako aliyekufunda akamuulize. Mumeo usimtie kabisa. Akiingia yeye tu, litakuwa la ukoo.